Siku Kilatini Kilipoimbwa kwa Sauti ya Nyumbani

Sogeeni karibu, wanangu. Swali mlilonitupia Jumapili mkitoka misa sijalisahau. Mlisema hivi: mwimbaji aliyekuwa akituchezesha kwenye arusi, gitaa mkononi, jasho usoni, sasa ametoa albamu nzima ya nyimbo za Mungu. Je, ni mtu yuleyule? Sauti iliyokuwa ikisifu mapenzi na bia, imewezaje kugeuka ikamsifu Bwana? Na mmoja wenu, simtaji, akasema huyo anatafuta pesa tu.

Hapa kwetu Kolwezi swali hilo huulizwa kila uani. Leo fulani anaimba baa, kesho anasimama mbele ya korale na macho yamefumba. Wengine humcheka, wengine hulia naye. Mimi sitamhukumu mtu. Nitawasimulia habari za waimbaji wa mbali na wa karibu, na mwisho tutafika Kamina, mwaka 1958, siku ambayo wavulana wa shule walimwimbia Mungu kwa sauti ambayo wengi hawakuwa wamewahi kuisikia kanisani. Mkiwa na subira ya kunisikiliza hadi Kamina, swali lenu litakuwa limeanza kujijibu njiani.

Tuanze mbali. Marekani, katika jimbo la Arkansas, alizaliwa mtoto mwaka 1932, mwana wa wakulima wa pamba. Baadaye dunia ilimjua kwa jina la Johnny Cash. Kazi ya kuchuma pamba inakata vidole na kupinda mgongo, na watu wa familia ile walikuwa wakiimba shambani ili jua lishuke upesi. Waliimba nini? Nyimbo za kanisa. Mama yake alizijua nyingi. Kaka yake, Jack, alikuwa na nia ya kuwa mhubiri. Mwaka 1944 Jack alikatwa na msumeno wa mashine kazini, akateseka siku kadhaa, akafa. Johnny alikuwa na miaka 12. Kwa hiyo mtoto huyu hakuzikuta nyimbo za Mungu vitabuni. Alizikuta shambani, na alizikuta kando ya kaburi.

Alipokua, akapata gitaa, akaenda Memphis kwenye kampuni ndogo ya santuri iliyoitwa Sun. Alitaka kurekodi nyimbo za dini. Mwenye kampuni, Sam Phillips, akakataa: hajui jinsi ya kuziuza, akamtaka alete nyimbo za aina nyingine. Basi akaleta za treni, za magereza, za mapenzi yenye maumivu, na zikampa jina kubwa. Lakini ile haja ya kwanza haikumtoka moyoni. Mwaka 1958 alihamia kampuni kubwa ya Columbia, na mojawapo ya sababu ilikuwa hiyohiyo, kwamba huko wangemruhusu. Mwaka 1959 albamu yake ya nyimbo za dini ikatoka.

Mmeona? Nyinyi mlidhani mwimbaji wa dunia ndiye huja kwa Mungu akiwa amechoka. Huyu alianza na Mungu, mlango ukafungwa, akazungukia dirishani.

Muziki aliouimba unaitwa kantri, yaani muziki wa watu wa mashambani. Una gitaa, una fidla, una hadithi. Anayeimba kantri husimulia: palikuwa na mtu, akapanda treni, akamwacha mpenzi, mvua ikanyesha. Ndiyo maana watu wa huku walioishi mbali kabisa na Arkansas waliupenda upesi. Nani kati yetu hana ndugu aliyepanda treni akapotea? Nchini Kenya, wazee wengi hawawezi kupitisha Jumapili bila Jim Reeves, mwimbaji mwingine wa kantri mwenye sauti laini kama mafuta ya mawese yaliyopata moto. Naye mwaka 1962 alitoa albamu yake ya dini, kisha akafa katika ajali ya ndege mwaka 1964, na santuri zake zikaendelea kuzunguka Afrika bila yeye.

Lakini kabla ya hao wote palikuwa na Jimmie Rodgers. Alizaliwa mwaka 1897, na kazi yake ilikuwa ya treni: alifunga breki za mabehewa. Kifua kikuu kilipomzidi nguvu akaacha reli, akashika gitaa. Alikuwa na namna ya kuirusha sauti kutoka kifuani hadi kichwani, ghafla, halafu kuirudisha chini, kama ndege anayebadili tawi. Alirekodi kuanzia mwaka 1927, akafa mwaka 1933, hajafika hata miaka 36. Santuri zake zikasafiri. Zilifika mpaka nchi ya Wakipsigis, Kenya, pamoja na gramafoni za Wazungu.

Mwaka 1950 alifika huko Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka nchi nyingi za Afrika na mashine za kunasia sauti. Katika kijiji cha Kapkatet wasichana walimwimbia wimbo wenye jina la Chemirocha. Chemirocha ni nani? Litamkeni polepole: Che-mi-ro-cha. Ni Jimmie Rodgers! Wasichana walikuwa wameisikia sauti ndani ya sanduku, hawajamwona mwenye sauti, wakamtungia umbo: nusu mtu, nusu paa. Wakamwimbia kwa kinubi cha kwao na mtindo wa kwao. Zaidi ya miaka 60 baadaye rekodi ile ilirudishwa kijijini, na wazee waliokuwa vijana siku ile wakajisikia wenyewe.

Habari hii naipenda sana, kwa sababu wasichana wale hawakumwiga mgeni. Sauti ngeni iliingia kwao, nao wakaivika nguo za nyumbani kabla ya kuiruhusu kukaa. Shikeni hilo, tutalihitaji Kamina.

Sasa turudi kwetu. Katika mkoa wetu wa Lualaba kuna mahali panaitwa Bunkeya. Huko ndiko alikotawala Msiri, mfalme wa Bayeke, ambaye watu wake walitoka upande wa Unyamwezi, Tanzania ya leo, wakifuata biashara ya shaba na pembe za ndovu. Aliuawa na msafara wa Wazungu tarehe 20 Desemba 1891. Miaka ikapita, na mwaka 1930 Bunkeya ikazaa mtoto mwingine wa kukumbukwa, Jean-Bosco Mwenda. Huyu hakuwa na jeshi. Alikuwa na vidole viwili.

Ndiyo, viwili: kidole gumba na kidole cha shahada. Gumba lilipiga nyuzi nene za chini, likitembea kama miguu ya mtu asiye na haraka. Shahada ilicheza juu na nyuzi nyembamba, ikikimbia, ikisimama, ikirudi nyuma. Ukifumba macho unaapa kwamba wamekaa watu wawili, mmoja anatembea na mwingine anaruka kamba. Mwaka 1952 Tracey, yuleyule wa Chemirocha, alimkuta Jadotville, mji tunaouita Likasi, akamrekodi. Wimbo uitwao Masanga ukaenda hadi Afrika Kusini, hadi Ulaya, na mwaka 1969 Mwenda mwenyewe akasimama kwenye tamasha la Newport, Marekani, nchi ya hao wapiga gitaa wa mashambani niliowasimulia. Kuna msomi aliyekaa na santuri zake, akaandika kila mpigo kwenye karatasi, ili ajue vidole viwili vinawezaje kufanya hayo. Mwenda alifariki mwaka 1990 katika ajali ya gari huko Zambia.

Namtaja Mwenda kwa sababu moja. Katika miaka ile ya 50, hapa Katanga, muziki ulikuwa na nyumba mbili zisizosalimiana. Kwenye kambi za wafanyakazi wa migodi palikuwa na gitaa, na wimbo wa Kiswahili unaomtaja fulani na mkewe. Kanisani palikuwa na Kilatini. Ngoma ilikuwa imeachwa nje ya mlango, kwa kuwa wamisionari wengi waliiona ni kitu cha mizimu. Mtoto aliyecheza Jumamosi usiku kwa mapigo ya babu yake aliamka Jumapili akaimba kwa mapigo ya watawa wa Ulaya. Alikuwa na sauti mbili, na hakuna aliyemwambia kwamba zingeweza kukutana.

Kabla hatujafika mahali zilipokutana, niwaeleze santuri inavyotengenezwa, maana bila hiyo tusingejua lolote la siku ile.

Mtu akiimba, hewa hutetemeka. Ndani ya maikrofoni kuna utando mwembamba kama ngozi ya kitunguu. Hewa ikitetemeka, nao hutetemeka. Katika aina moja ya maikrofoni, utando huo umeshikamana na koili ya waya mwembamba, na koili imekaa kando ya sumaku. Waya ukicheza mbele ya sumaku, umeme huzaliwa ndani yake, mdogo sana, unaopanda na kushuka kama sauti ilivyopanda na kushuka. Na waya huo ni wa nini? Ni wa shaba! Ni mukuba, jiwe la kijani linalotoka chini ya miguu yetu, likayeyushwa, likavutwa likawa jembamba kama unywele. Sitawaambia kwamba maikrofoni ya hadithi hii ilikuwa na shaba ya Kolwezi. Lakini shaba yetu imekwenda kila mahali duniani, na kila ninaposikia sauti ikitoka redioni nawakumbuka wanaume wa migodi ya Musonoi na Ruwe.

Umeme ule ukiondoka kwenye maikrofoni huenda kwenye utepe uliopakwa unga wa chuma, na unga hujipanga kwa kufuata umeme. Sauti imelala hapo. Kutoka kwenye utepe huchongwa mfereji mmoja mrefu unaozunguka juu ya sahani, kuanzia pembeni hadi katikati. Sindano ikipita ndani ya mfereji huo hutetemeka tena kama alivyotetemeka mwimbaji.

Santuri za zamani zilizunguka mara 78 hivi kwa dakika, na upande mmoja ulibeba dakika tatu hivi. Ndiyo sababu nyimbo nyingi za Mwenda ni za dakika tatu: gitaa lingeweza kuendelea hadi alfajiri, lakini sahani ilikwisha. Mtu aliyetaka kuweka nyimbo nyingi pamoja aliuziwa kitabu chenye mifuko, kila mfuko na sahani yake, mfano wa kitabu cha picha. Ndiko lilikotoka neno albamu. Halafu ikaja sahani inayozunguka polepole, mara 33 na theluthi kwa dakika, upande mmoja unabeba dakika 20 na zaidi. Sasa misa nzima ingeweza kukaa kwenye sahani moja. Ilibaki misa yenyewe.

Mkipanda treni hapa Kolwezi kwenda Kamina, kwanza mnaelekea mashariki hadi Tenke. Hapo reli inageuka kwenda kaskazini, inapita Bukama kwenye mto Lualaba, halafu inapanda kwenye nchi ya Baluba. Katika nchi hiyo alifika mwaka 1953 padri Mbelgiji wa shirika la Wafransisko, Guido Haazen, kusimamia shule kuu ya Kamina. Alikuwa na umri wa miaka 30 na kidogo. Wamisionari wengine walifundisha watoto nyimbo. Huyu alianza kwa kuwasikiliza. Aliwasikia wakiimba uwanjani, wakiimba wakibeba maji, wakiimba mmoja wao alipofiwa, na akaelewa kwamba shule yake ina hazina ambayo haikuwamo kwenye vitabu alivyokuja navyo.

Akaunda kundi: wavulana karibu 45, wa miaka 9 hadi 14, na walimu 15 hivi. Jina lililochaguliwa lilikuwa la Mfalme Baudouin wa Ubelgiji, kwa maana enzi ile ilikuwa ya ukoloni na hata korale ilibeba jina la mfalme wa mbali. Kwanza waliimba nyimbo za mila, za arusi, za kazi, za ngoma. Kisha likaja lile jambo. Waliyachukua maneno ya misa kwa Kilatini, bila kubadilisha hata moja, wakaanza kutafuta: neno hili la Kilatini, kwetu lingeimbwaje?

Ujanja wa kazi ile ulikuwa hapa, na mimi nauona ni mzuri kuliko tenzi zote zilizotafsiriwa. Wengine wanapotaka kuleta dini nyumbani hubadilisha maneno na kuiacha sauti ya ugenini. Hawa waliyaacha maneno ya ugenini na kuleta sauti ya nyumbani.

Chukueni Kyrie, sehemu ya kwanza, ambapo watu wanaomba rehema. Muluba anayeomba akiwa amevunjika moyo anaimba vipi? Anaimba kasala. Kasala ni ushairi wa kuwataja watu kwa majina yao ya sifa, babu kwa babu, na huimbwa hasa kwenye msiba. Mwenye kuliimba huanza juu na kushuka polepole kama mtu anayekaa chini kwa uzito wa alichobeba. Basi rehema ya Kilatini ikashuka kwa kasala. Mtu mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia, anaongeza, wanaitikia tena. Mkifika Credo, ile imani ndefu, kuna mahali panaposemwa kwamba Yezu alisulubiwa. Kabla ya maneno hayo linasikika kyondo. Kyondo ni ngoma isiyo na ngozi: gogo lililochimbwa ndani na kuachiwa mdomo mwembamba juu. Ukipiga upande mmoja wa mdomo hutoa sauti ya chini, upande mwingine sauti ya juu. Kiluba nacho ni lugha ya sauti za juu na za chini, neno moja likipandishwa lina maana hii na likishushwa lina maana ile, ndiyo maana gogo linaweza kusema na watu wakaelewa. Kiswahili chetu hakina jambo hilo. Katika vijiji kyondo lilitangaza kifo cha mtu mkubwa. Sasa fikirini bibi mmoja wa Kamina ameketi kanisani, maisha yake yote Kilatini hakukielewa, mara gogo linapiga tangazo la msiba. Hakuhitaji mkalimani tena. Alijua kwamba kuna mtu amekufa, na kwamba ni mtu mkubwa.

Na Sanctus? Hapo ndipo wengi huomba kurudishiwa sindano mwanzo. Sauti yake imejengwa juu ya wimbo wa kuagana, wimbo wa kumsindikiza anayeondoka. Mtakatifu, Mtakatifu, kwa sauti ya kumuaga mtu kituoni! Halafu Hosanna inaingia na mapigo ya ngoma ya kuchezwa ya Kasai, miguu haikai. Agnus Dei, Mwanakondoo wa Mungu, imechukuliwa kutoka kwenye wimbo wa Bena Lulua, watu wa upande wa Luluabourg, inayoitwa Kananga leo. Misa hiyo ikaitwa Misa Luba, lakini hata jina hilo halisemi yote. Ndani yake wamo majirani.

Mwanzishaji mkuu wa nyimbo alikuwa mwalimu wa shule ile, Joachim Ngoi. Hakuwa na karatasi ya noti mbele yake, wala wavulana hawakuwa nayo. Walijua njia, lakini kila safari waliitembea upya: huyu anaongeza pambo, yule anachelewesha jibu, ngoma inajaza nafasi. Tarehe 23 Machi 1958 waliiimba kwa mara ya kwanza katika misa, hapo Kamina. Ngoma iliyokuwa ikisubiri nje ya mlango ikaingia hadi mbele ya altare.

Wanangu, mnajua mwaka huo kanisa lilikuwaje? Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofungua mlango kwa lugha za watu na muziki wao, ulitoa hati yake ya liturujia Desemba 1963. Misa ya mtindo wa Zaire, hii tunayoicheza leo bila hofu, ilikubaliwa na Roma mwaka 1988. Watoto wa Kamina waliwatangulia wote hao.

Baada ya miezi michache walipelekwa Ulaya. Brussels ilikuwa na maonyesho makubwa ya dunia mwaka huo, nao waliimba huko na katika miji mingine, hata pamoja na watoto waimbaji wa Vienna. Hapa lazima niseme linaloniuma. Katika maonyesho yaleyale palijengwa kijiji cha kuonyesha Wakongo, watu wa Ulaya wakawatazama juu ya ua kama wanavyotazamwa wanyama. Mji mmoja, majira yaleyale: huku Mkongo anatazamwa, huku Mkongo anasikilizwa. Wavulana wetu waliimba katikati ya mambo hayo mawili.

Wakarekodiwa, sahani ikatoka kwa kampuni ya Philips, na katika miaka ya 60 ikaenea. Mwaka 1964 Pasolini, Mwitaliano aliyetengeneza filamu ya maisha ya Yezu kwa kufuata Injili ya Mathayo, aliiweka Gloria, sehemu ya utukufu ya misa ya Kamina, ndani ya filamu yake. Mwaka 1968 filamu moja ya Kiingereza kuhusu wanafunzi walioasi ikaitumia Sanctus, na vijana wa London ambao hawakuwahi kuiona Kongo kwenye ramani wakainunua sahani. Jina la padri Haazen liliandikwa kama mpangaji wa muziki, na wengi walidhani ameitunga peke yake. Padri alifanya kazi ya kuheshimiwa. Lakini kasala halikutungwa na padri, na kyondo hakulichonga yeye. Kama mngeniuliza mimi, jalada la kila sahani lingewataja wavulana wote mmoja mmoja, pamoja na mama waliowafundisha kulia.

Mwaka uleule Haazen alipofika Kamina, mwaka 1953, Mfransisko mwenzake Placide Tempels alikuja hapa Kolwezi, kwenye parokia ya Ruwe. Wengine wanamjua kwa kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu. Wazee wetu wanamjua kwa vuguvugu la Jamaa. Wafanyakazi wa mgodi na wake zao walikutana jioni, wakaitana baba na mama, wakatafakari maneno matatu: uzima, uzazi, mapendo. Na waliimba, kwa Kiswahili, lugha ya kambi, lugha ileile ya gitaa la Mwenda. Hakuna aliyewarekodi kama wa Kamina walivyorekodiwa, na pengine ndiyo maana hamjawasikia. Lakini korale mnazozisikia leo Dilala na Manika zina damu ya jioni zile zaidi kuliko ya sahani yoyote.

Sasa yule mwimbaji wenu wa arusi. Msimsikilize kwa kumwuliza amekwenda wapi. Sikilizeni sauti aliyokwenda nayo. Kama ameiacha ile ya kwao nje, amevaa sauti ya kukopa kwa kuwa sasa anaimba kanisani, mtaisikia tu, itakuwa baridi. Kama ni ileile iliyowachezesha, na yale machozi yaliyokuwa ndani ya kicheko sasa yamepata pa kutua, mtaisikia pia. Johnny Cash hakubadilisha gitaa. Wa Kamina hawakubadilisha ngoma.

Imebaki habari moja, kisha mwende mkachote maji kabla foleni haijawa ndefu. Mwaka 1990 kwaya ya Muungano ya Nairobi, chini ya Boniface Mganga, iliirekodi Misa Luba upya. Wakenya wakiimba misa ya Kamina! Na si wao tu. Korale za Ulaya na Marekani huiimba kila mwaka kutoka kwenye vitabu vya noti. Vitabu hivyo vilipatikana namna hii: watu waliisikiliza sahani ile ya Kamina, wakaandika kila kitu walichokisikia. Pale mwalimu Ngoi alipovuta pumzi, wanavuta pumzi. Pambo aliloliongeza siku ile kwa sababu lilimjia, wameliandika kwa wino, na mwimbaji wa Chicago hulirudia bila kukosea.

Sahani ilinasa siku moja tu. Mwalimu Ngoi na wavulana wake, kama wangeimba tena kesho yake asubuhi, wangeimba vingine.